Maisha ya Mwandishi: Shaaban Robert na Nchi Iliyo Angani

Utangulizi

Mwanafunzi anayefungua Kusadikika kwa mara ya kwanza hukutana na nchi isiyo kwenye ramani yoyote. Nchi hii inaelea angani. Haina barabara wala bandari ya kuifikia. Msafiri huifikia kwa mawazo tu. Hata hivyo, ina mfalme, mawaziri, baraza, gereza na raia. Wajumbe wake husafiri kwenda kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, kisha wengine hupanda mbinguni na kushuka ardhini. Kwa haraka, mtu anaweza kudhani kuwa hii ni ngano kama zile za majini na mazimwi alizosimuliwa na nyanya yake.

Lakini mwandishi wa kitabu hiki alikuwa karani wa serikali ya kikoloni huko Tanganyika. Kila asubuhi alikwenda ofisini kuuhudumia utawala ambao haukumpa sauti. Sura hii inasimulia maisha yake ili kujibu swali moja: kwa nini mtu aliyeijua nchi yake vizuri namna hiyo aliamua kuiandika kana kwamba iko angani? Ukilielewa jibu la swali hili, utaielewa riwaya yenyewe kwa urahisi zaidi.

Kuzaliwa na malezi

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Wazazi wake walikuwa na asili ya Wayao, watu ambao makao yao ya jadi yako mbali kusini, upande wa mto Ruvuma na Ziwa Nyasa. Alilelewa katika dini ya Kiislamu na katika lugha ya pwani. Kwa ukoo, basi, hakutoka katika miji mikongwe ya washairi kama vile Lamu, Pate na Mombasa. Uswahili wake ulikuwa wa lugha na malezi. Huenda hii ni sababu mojawapo iliyomfanya akichukulie Kiswahili kuwa mali ya Waafrika wengi, wala si urithi wa ukoo mmoja au mji mmoja.

Nchi aliyozaliwa ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka wa 1907, miaka miwili tu kabla ya kuzaliwa kwake. Katika vita hivyo, watu wa kusini walikabili bunduki wakiamini kuwa maji ya dawa yangezigeuza risasi zisiwadhuru. Mnamo Novemba 1914, Shaaban akiwa mtoto wa miaka mitano, Waingereza walijaribu kuuteka mji wa Tanga kutoka baharini wakashindwa. Hata hivyo, vita vilipomalizika, Tanganyika iliangukia mikononi mwao, nao wakaitawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Kabla hajawa kijana, alikuwa ameishi chini ya tawala mbili za kigeni. Hakuna hata mmoja uliowauliza wazazi wake kama waliutaka.

Elimu

Kati ya 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam. Wanafunzi waliopata cheti cha kumaliza shule walikuwa 11, naye akawa wa pili. Leo idadi hiyo haijazi hata safu mbili za darasa. Wakati ule ilionyesha jinsi mlango wa elimu ulivyokuwa mwembamba kwa Mwafrika. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu, na kijana hodari kama yeye hakuwa na mahali pa kwenda baada ya hapo ila katika ajira. Elimu yake iliyobaki aliitafuta mwenyewe kwa kusoma. Aliendelea nayo mpaka akaweza kutafsiri kwa Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam kutoka katika Kiingereza. Tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka wa 1952.

Kumbuka jambo hili unaposoma kuhusu Karama, mhusika mkuu wa Kusadikika. Kosa analoshtakiwa si wizi wala mauaji. Anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria.

Kazi serikalini

Mwaka wa 1926 Shaaban Robert aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha, akaanzia Pangani. Katika idara hiyo alikaa hadi 1944. Kisha alihamishiwa Mpwapwa, mbali na bahari, katika Idara ya Wanyama. Mwaka wa 1946 alirudi Tanga na kufanya kazi katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji ardhi mjini humo. Kwa jumla alitumikia serikali kwa zaidi ya miaka 30.

Karani alikuwa mtu wa katikati. Kwa wanakijiji alionekana mwenye bahati, mtu wa kalamu na mshahara. Kwa wakubwa wake alikuwa mtu wa kupokea amri. Aliandika barua ambazo hakuzitia saini na kutekeleza sheria ambazo hakushiriki kuzitunga. Mwaka uleule wa 1926 alipoanza kazi, serikali iliunda Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Waafrika wa kwanza, wawili tu, waliteuliwa mwaka wa 1945. Kwa karibu miaka 20, basi, sheria za mamilioni ya watu zilijadiliwa bila mmoja wao kuwa na kiti.

Sasa linganisha hali hiyo na baraza la Kusadikika. Humo mshtakiwa anapewa nafasi ya kusimama na kujitetea kwa siku sita, mfalme na mawaziri wakimsikiliza. Mwandishi aliumba angani kitu ambacho hakikuwapo nchini mwake: baraza ambalo mtu wa kawaida angeweza kusema mpaka amalize.

Familia na majonzi

Shaaban Robert hakuishi kwa siasa na ofisi tu. Alioa zaidi ya mara moja, na kifo cha mkewe Amina kilimwachia jeraha kubwa pamoja na watoto wa kulea. Shairi alilomwandikia Amina linahesabiwa miongoni mwa tanzia zinazojulikana sana katika Kiswahili. Binti yake Mwanjaa alimwandikia Utenzi wa Hati, wosia wa mzazi kuhusu tabia njema na maisha ya heshima. Mwanawe wa kiume naye alimtungia Utenzi wa Adili.

Mambo haya yanatusaidia kuona kuwa maadili katika kazi zake hayakuwa pambo. Alikuwa baba aliyejua kuwa huenda asiishi muda mrefu wa kutosha kuwafunza wanawe kwa mdomo. Aliandika ili maneno yabaki. Hata anapounda nchi za ajabu, bado anazungumza kama mzazi: anaonya, anaelekeza na anatumaini.

Uandishi wake

Alianza kujulikana kwa mashairi, na baadhi yalitokea katika Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka wa 1923. Wakati huohuo Kiswahili chenyewe kilikuwa kikipitia mabadiliko. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 ulichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Baadaye Shaaban Robert alikuwa mjumbe wa kamati hiyo.

Alitunga mashairi, tenzi, insha, wasifu, tawasifu na riwaya. Baadhi ya vitabu vyake vilichapishwa London, vingine Johannesburg. Maisha Yangu ni tawasifu. Wasifu wa Siti binti Saad unahusu mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja. Siti alizaliwa katika umaskini, akadharauliwa, kisha akainuliwa na kipawa chake. Kazi hii inaonyesha kuwa mwandishi wetu aliweza kuandika habari za watu halisi na mahali halisi alipotaka. Kwa hiyo, alipoandika kuhusu nchi isiyokuwapo, hakufanya hivyo kwa kukosa njia nyingine. Alichagua.

Nchi tatu za ajabu

Kazi tatu za Shaaban Robert zimejengwa juu ya fantasia, yaani mambo yasiyowezekana katika maisha ya kawaida. Ni vyema kuzijua zote hata kama unasoma moja.

*Kusadikika* (1951). Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Katika utetezi wake, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi jirani: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mjumbe alivumilia taabu za safari akarudi na maarifa ya kuifaa nchi. Badala ya shukrani, kila mmoja alipata adhabu. Kwa kuyasimulia hayo, Karama anaigeuza kesi. Si yeye tena anayehukumiwa, bali ni desturi ya nchi ya kuwaadhibu wanaoitakia mema. Mwishowe haki inatendeka.

*Adili na Nduguze* (1952). Hapa kuna jini aitwaye Huria, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani kwa sababu ya ubaya waliomtendea ndugu yao Adili. Adili analazimishwa kuwapiga mijeledi kila usiku, naye anafanya hivyo kwa uchungu mkubwa. Uchawi katika kitabu hiki si mchezo. Umbo la nje linadhihirisha tu tabia iliyokuwa ndani.

*Kufikirika* (1967). Mfalme na malkia hawana mtoto. Wanaitwa mabingwa wa mizizi, wa hirizi, wa makafara na wa utabiri. Mtoto anapatikana, lakini mwalimu anayemfundisha anafukuzwa. Baadaye mwana huyo anaugua, na inashauriwa kuwa dawa yake ni kuwachinja watu wawili, mmoja mjinga na mwingine mwerevu. Hapo akili na ubinadamu vinasimama kupingana na kafara.

Tazama kinachozifanana nchi hizi. Ajabu zimejaa, lakini tatizo kubwa halitatuliwi kwa uganga. Linatatuliwa kwa haki, elimu na huruma.

Kwa nini angani?

Sasa turudi kwenye swali letu. Kuna majibu matatu yanayotokana na maisha ya mwandishi.

Kwanza, usalama. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali. Chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, watumishi wa serikali hawakuruhusiwa kujiunga nacho. Mtu aliyetegemea mshahara huo kulisha familia hakuwa na nafasi ya kuandika waziwazi kuwa watu wake wanaonewa. Nchi ya angani haikuwa na gavana wala wilaya. Hakuna ofisa ambaye angesema kuwa ametajwa bila kukiri kwanza kuwa anafanana na Majivuno.

Pili, umbali. Mtu akiambiwa kuwa nchi yake ina dhuluma, huanza kujitetea. Akisimuliwa dhuluma ya nchi ya mbali, huhukumu kwa haki. Msomaji wa Kusadikika hukasirika anapoona Buruhani na wenzake wakiadhibiwa. Akiisha kukasirika, ndipo hutambua kuwa ameyaona mambo hayo karibu na nyumbani.

Tatu, upana. Katika Kusadikika watawala si wageni. Mfalme ni wa Kusadikika, na Majivuno naye ni mwananchi. Kama mwandishi angeandika juu ya Mwingereza na Mtanganyika, kitabu kingeweza kuzeeka siku ile bendera ya Uingereza ilipoteremshwa. Kwa kuwa aliandika juu ya kiongozi anayeogopa raia kujua sheria, kitabu kinamhusu kiongozi wa rangi yoyote na wa wakati wowote. Ukoloni ukaondoka, lakini swali la Karama likabaki: kwa nini mwenye madaraka aogope watu wenye elimu?

Mipaka ya kazi yake

Jibu zuri la fasihi halisifu tu. Wapo wasomaji wanaoona kuwa wahusika wa Shaaban Robert ni wa upande mmoja: mwema ni mwema kabisa, na mbaya ni mbaya kabisa. Majina yao yanatoboa siri mapema, kwani Majivuno hana budi kujivuna na Hasidi hana budi kuhusudu. Mbinu hii inaitwa majazi. Wengine husema kuwa katika Kusadikika wanawake karibu hawaonekani, na kuwa mfalme anabadilika kwa kusikia hotuba, jambo ambalo ni nadra katika historia.

Hoja hizi zina uzito, lakini zipime pamoja na maisha ya mwandishi. Alitoka katika jadi ya ngano na tenzi, ambamo mhusika hubeba wazo kama jina linavyobeba maana. Pia aliandika miaka 10 kabla ya uhuru, wakati silaha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa neno. Haishangazi kuwa aliamini neno linaweza kufungua gereza.

Heshima, kifo na kazi zilizobaki

Akiwa hai alipata nishani na tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE. Hivyo, serikali ileile ambayo watu wake hawakuwa na sauti ndani yake ndiyo iliyomheshimu. Mwanafunzi makini ataona kinaya katika jambo hilo.

Mnamo Oktoba 1961, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifungua milango yake Dar es Salaam. Kilianza na kitivo kimoja tu, na kitivo hicho kilikuwa cha sheria. Elimu ambayo Karama alishtakiwa kwa kuieneza angani sasa ilifundishwa ardhini, kwa wanafunzi wachache, katika jengo la TANU. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Shaaban Robert aliuona uhuru huo kwa miezi michache tu. Alifariki mnamo Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Machui, karibu na alipozaliwa. Aliacha miswada mingi ambayo haikuwa imechapishwa. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru, ambao unahusu vita vya dunia vya 1939 hadi 1945 na una beti 3000, vilitoka mwaka wa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilifuata mwaka wa 1968. Karani aliyeandika usiku baada ya kazi hakuviona vitabu hivi vikiwa mikononi mwa wasomaji. Wanafunzi waliokuja baadaye, Kenya na Tanzania, ndio waliovipokea.

Namna ya kutumia maisha ya mwandishi katika mtihani

1. Usiandike historia ya mwandishi isipoulizwa. Itumie kuunga mkono hoja inayotoka katika kitabu.
2. Usiseme tu kuwa Kusadikika ni Tanganyika. Eleza ni jambo gani katika kitabu linalofanana na jambo gani katika historia, kisha ueleze istiara hiyo inafanya kazi gani.
3. Onyesha pia mahali ambapo mfanano unakoma. Kusadikika haina mkoloni, na kukosekana kwake kuna maana.
4. Unapotaja fantasia, eleza umuhimu wake. Kutaja kuwa nchi iko angani hakutoshi. Sema kwa nini iko huko.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi kazi ya ukarani ilivyoathiri uchaguzi wa mandhari katika Kusadikika.
2. Linganisha baraza la Kusadikika na Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kati ya 1926 na 1945.
3. Majivuno angefaa pia kuwa kiongozi katika nchi huru. Jadili ukirejelea riwaya.
4. Fafanua matumizi ya majazi katika kazi mbili za Shaaban Robert, ukionyesha faida na udhaifu wake.
5. Kwa maoni yako, je, hotuba ya Karama ingetosha kuibadilisha nchi halisi? Toa sababu.